Kisa cha nyumba ya Tabata: miezi 29, madalali 12 na hati iliyobakiza miaka miwili

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Tabata kulikuwa na maandishi mekundu ya brashi, kila herufi urefu wa mkono: NYUMBA HII HAIUZWI. Baba aliyaandika mwenyewe mwaka 2014, wiki moja baada ya kutoka hospitali. Alipokuwa amelazwa, kijana mmoja aliyevaa vizuri alileta watu wawili kuitazama nyumba, akawaambia mwenyewe ni mgonjwa na anauza kwa haraka. Mama aliwakuta uani wanapima fensi kwa hatua. Anayeishi Dar es Salaam haelezwi maana ya maandishi yale. Yako Goba, yako Kigamboni, yako Mbezi, kwenye kuta na kwenye vibao vya viwanja vitupu.

Miaka minane baadaye tuliamua kuiuza. Baba alishafariki mwaka 2018. Mama magoti yanamsumbua, presha inapanda na kushuka, na dada yetu wa Morogoro alikuwa na nafasi ya kukaa naye. Mwezi wa kwanza 2022 tukaanza. Funguo tulizikabidhi mwezi wa sita 2024. Naandika kisa hiki na tarakimu zake kwa ruhusa ya mama na ndugu zangu, kwa sababu kila niliyemsimulia ameniambia ana shangazi au baba mdogo aliyepita njia hiyo hiyo, na wengine wako katikati yake sasa hivi.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida. Kiwanja cha mita za mraba 540, kimepimwa, kina hati. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, na uani banda la vyumba viwili vya kupangisha. Sakafu ya saruji nyekundu ambayo mama aliipiga nta kila Jumamosi kwa miaka ishirini na kitu. Madirisha ya nondo na nyavu. Bati la zamani. Baba na mama walijenga kidogo kidogo kuanzia 1993 mpaka 1997.

Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, kwa hiyo yeye ndiye aliyekwenda kijiweni, chini ya mwarobaini pale stendi, akamwambia dalali mmoja kwamba tunauza, tunataka milioni 180. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufika Ijumaa walikuwa wanne. Mwezi haujaisha nikawahesabu kumi na mmoja, na wengine hata kaka hakuwajua, waliipata nyumba kwa dalali mwenzao. Sisi tuliona ni jambo jema. Wengi wakitafuta, mteja atapatikana upesi, na kwa kuwa hatukuandikishiana na yeyote, tuliamini hatugharamiki kitu.

Mwezi wa tano nikaiona sebule ya mama kwenye status ya mtu nisiyemjua. Kochi lenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani iliyosimama saa nne na dakika kumi, na chini yake: "Tabata, hati safi, 220M, maongezi yapo." Nikaanza kuulizia kwa namba nyingine kama mteja. Dalali wa pili akanitajia 195. Wa tatu akasema 180 ila kwangu atazungumza na mwenye nyumba kwa sababu "mama mjane, ana shida, atashuka mpaka 150." Nyumba moja, wiki moja, bei tatu. Mnunuzi makini akikutana na hali hiyo hasemi bei inatofautiana. Anasema hapo pana utapeli, anakwenda zake, na hatujui wangapi walikwenda zao.

Cha juu kila mtu anakijua. Mwenye mali anataja bei yake, dalali anaongeza yake, na tofauti ni mali yake. Wengi hukiona kama tabu ya mnunuzi peke yake. Nami nilikiona hivyo hadi nilipokaa meza moja na mume wa binti wa jirani kwenye harusi, mwaka mmoja na nusu baadaye. Akaniuliza kwa nini tulimkatalia. Nikamuuliza tulimkatalia nini. Akasema mwezi wa nne 2022 alitoa ofa ya milioni 165 taslimu, akajibiwa familia haitaki. Sisi mwezi ule tuliletewa ofa moja tu, ya 140, tukaikataa. Dalali alikuwa amebakiza milioni 25 katikati, na kwa kuwa sisi tulikataa 140 na yule bwana hakuongeza, biashara ikafa. Yeye akanunua Kimara. Sisi mwisho wa yote tuliuza kwa milioni 152. Nyama ilinishinda kumeza pale mezani.

Kuna jambo jingine la kipindi kile ambalo bado linaniuma kwa ajili ya mama. Watu walikuja sana kutazama. Mama aliwapikia chai, akawafungulia mpaka chumba chake cha kulala. Siku moja mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akamuuliza kama laki tatu na nusu kwa mwezi ni pamoja na umeme. Alikuwa anatafuta nyumba ya kupanga. Ametoa elfu ishirini ya kuonyeshwa nyumba, na dalali alishawaleta wengine kama yeye. Nyumba yetu ilikuwa imegeuka duka la elfu ishirini ishirini, na mama ndiye aliyekuwa akilihudumia kwa chai yake.

Mwezi wa kumi 2022 tukakaa kikao, wanne wote, mdogo wetu wa Mwanza akiwa kwenye simu. Kaka hakutaka kushuka chini ya 180 kwa sababu jirani wa nyuma aliuza kwa 200. Dada alitaka tuuze hata kwa 130, mama aondoke. Mimi nikaomba kitu kimoja, kwamba kabla ya kubishana bei tumwite mthamini aliyesajiliwa. Tulimlipa laki sita. Alikuja na futi yake na kamera, akakaa saa mbili, wiki iliyofuata akaleta ripoti: thamani ya soko milioni 158. Akamweleza kaka kwa upole kwamba kiwanja cha jirani kiko kona, barabara ya lami inakigusa, na kwamba kwa anavyojua yeye mkataba wa mauzo ule ulisainiwa kwa 170. Hiyo 200 ya mtaani ilikuwa na cha juu ndani yake. Kaka alikaa kimya kwa muda. Bei tuliyoishikilia miezi tisa haikuwahi kulipwa kwa mtu yeyote mwenye nyumba.

Ripoti ile ilikuwa na kurasa kumi na moja. Tuliisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, penye tarakimu. Nitarudi hapo.

Wakili tuliyemwendea hakutaka kusikia habari ya bei. Alitaka hati na fomu namba 4. Hati ilikuwa kwenye kabati la mama ndani ya mfuko wa nailoni, safi kabisa, ina jina la baba. Fomu namba 4, ambayo kwayo Mahakama ya Mwanzo ilimteua kaka kuwa msimamizi mwaka 2019, ilikuwa kwenye begi la kaka tangu siku aliyopewa. Alidhani ile karatasi ndiyo mwisho wa mirathi. Orodha ya mali, fomu namba 5, ambayo msimamizi anatakiwa kuipeleka mahakamani ndani ya miezi minne, hakuipeleka. Kwa Msajili wa Hati hakufika. Kwa hiyo ile "hati safi" ya madalali kumi na mmoja ilikuwa ya marehemu, na aliyetaka kuiuza hakuwa ameandikishwa popote kwenye daftari la ardhi. Mnunuzi yeyote mwenye wakili angefanya upekuzi na kukuta jina la mtu aliyezikwa miaka minne nyuma.

Tulirudi mahakamani. Hakimu alimkaripia kaka, kisha akamwongezea muda. Tukapeleka orodha, warithi wote na mama wakasaini kwamba wanaridhia kuuza, na kaka akaandikishwa kwenye hati kama msimamizi. Kazi hii ilikula mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili mzima. Ingefanyika 2019 tusingeisikia hata uzito wake.

Dalali wa kumi na mbili tuliletewa na mpangaji wetu. Ni mwanamke wa makamo, kazi yake kubwa ni kupangisha vyumba eneo lile, na mpangaji alimsifu kwa jambo moja: aliwahi kumrudishia pesa ya kodi chumba kilipoonekana kinavuja. Alikuja Jumapili mchana. Hakukaa sebuleni. Alimwambia, "Mama, shikamoo, naomba unitembeze uani," wakaenda wawili nyuma ya banda, na swali lake la kwanza lilikuwa mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi.

Kwa Tabata hilo ndilo swali. Bonde la Msimbazi liko karibu, na kila anayetaka kununua upande ule atauliza mwaka 2011 maji yalifika wapi, akimaanisha mafuriko ya mwezi wa kumi na mbili yaliyoua watu wengi mjini. Kwetu hayakufika, tuko upande wa juu. Lakini uani maji yalituama kila masika, kwa sababu mfereji ulizibwa na kifusi cha jirani na chemba ilijaa mchanga. Mtu akiyaona yale hatauliza kama ni ya mto au ya mfereji.

Akatuandikia orodha kwenye karatasi ya daftari. Kuzibua mfereji na kusafisha chemba. Kubadilisha mabati mawili juu ya chumba cha kati na kupaka rangi dari lenye madoa. Kitasa cha mlango wa mbele kinachohitaji kusukumwa na goti. Kutoa nusu ya vitu sebuleni, pamoja na mashine ya kusagia iliyokaa pale tangu baba afe. Na ukuta wa mbele. Kaka alitaka tuweke marumaru nyumba nzima na dari la jipsam, fundi alishampa hesabu ya milioni tisa. Dalali akakataa. Alisema anayenunua nyumba ya 1997 atabomoa nusu yake, ataweka bati la msauzi na madirisha ya aluminiamu kwa rangi anayoitaka mwenyewe, na hatatulipia marumaru ambayo hakuichagua. Anachotaka kujua ni kwamba paa halivuji, choo kinapokea, na ardhi ni kavu. Mthamini naye alisema hivyo hivyo kwa maneno mengine: sehemu kubwa ya ile 158 ilikuwa kiwanja.

Matengenezo yote yalitugharimu milioni 3 na laki 8 na nusu, na kilichokula zaidi ya mategemeo ni ule ukuta. Fundi alipaka nyeupe Jumatatu. Jumanne asubuhi maandishi yakawa ya waridi, yanasomeka vizuri. Baba alitumia rangi ya mafuta, na nyekundu ya mafuta haizimwi na rangi ya maji. Fundi akapaka mara ya pili, ya tatu. Ikawa waridi hafifu. Akakwangua kwa brashi ya waya, akapaka praima, akapaka tena, na rangi kweli ikapotea. Lakini saa kumi na moja jioni, jua lilipolala upande wa ukuta, HAIUZWI ikaonekana yote kwa kivuli, maana brashi ya waya ilikuwa imechimba palepale penye herufi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anatazama. Akasema, "Mwacheni basi, hataki." Hakuna aliyejibu. Fundi alikuja kesho yake akapiga wolputi kuusawazisha ukuta mzima, kona hadi kona.

Mkataba na dalali tuliuandika kwa wakili, kurasa mbili. Miezi mitatu, yeye peke yake. Bei ya kutangaza 160, na kila ofa ailete kwa maandishi, meseji inatosha, ikiwa na jina na namba ya mnunuzi. Hakuna cha juu. Hakuna pesa ya kuonyeshwa nyumba. Ujira asilimia 4 ya bei itakayosainiwa, unalipwa siku ambayo malipo ya mwisho yameingia, na unalipwa hata kama mnunuzi ni ndugu yetu, mradi miezi mitatu haijaisha. Aliomba 5 kwanza, tukakubaliana 4. Ile sentensi ya namba ya mnunuzi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Dalali anayekubali mwenye nyumba na mnunuzi wajuane tangu mwanzo hana pa kuweka chochote katikati yao.

Kuondoa wale kumi na mmoja kulichukua wiki tatu za kupiga simu. Wengine walielewa, wawili walitukana, mmoja aliacha picha za sebule kwenye ukurasa wake mpaka mwisho. Wapangaji wa banda tuliwapa notisi ya miezi mitatu na kuwarudishia kodi iliyozidi.

Masika ya 2023 dalali alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Mvua ilipoanza kunyesha kweli kweli akawapigia simu wateja aliokuwa nao, akawaambia waje siku hiyo hiyo, wavae viatu vya kulowana. Walikuja watatu. Mmoja wao alikuwa mwalimu na mke wake muuguzi. Walisimama kwenye kibaraza cha banda wakatazama maji yanavyoshuka mferejini na kutoka barabarani, dakika arobaini, bila kusema mengi. Wiki iliyofuata wakatoa ofa ya 155, kwa mkopo wa benki.

Tulifurahi mapema. Mwezi wa sita benki ikakataa. Hati ya baba ilitolewa Julai 1992 kwa muda wa miaka 33. Ilikuwa inaisha mwaka 2025. Benki haiwezi kukopesha kwa miaka kumi na tano juu ya miliki iliyobakiza miaka miwili.

Hati ile tuliishika sote. Tulitazama jina, namba ya kiwanja, muhuri. Wakili alitazama jina. Dalali alitazama ramani. Muda wa miliki umeandikwa kwenye hati yenyewe kwa maneno, na mthamini aliutaja kwenye ukurasa wa sita wa ripoti yake, sentensi moja, ambayo hatukuifikia. Dalali alituomba radhi, akasema ameuza nyumba nyingi za barua ya serikali ya mtaa na chache za hati, na hakuwa na mazoea ya kusoma miaka. Nilimheshimu zaidi baada ya hapo.

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu linawahusu wengi. Nchini kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na tunachomiliki ni haki ya kuitumia kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Viwanja vya makazi Dar es Salaam vilivyotolewa kwa miaka 33 mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 vinafikia ukomo kipindi hiki hiki ambacho waliovijenga wanazeeka na watoto wanarithi na kuuza. Kabla hujapaka rangi hata fremu ya dirisha, toa hati kabatini ujumlishe.

Kuomba miliki mpya kulichukua mwezi wa saba hadi wa kumi na mbili. Tulikuta deni la kodi ya pango la ardhi la miaka mitatu, tukalipa. Tulikuta pia deni la maji, laki nne na elfu kumi na mbili, la bomba la banda. Kodi ya majengo haikuwa na tabu kwa kuwa tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, mama alikuwa akiilipa kila akinunua umeme. Miezi ile dalali hakulipwa kitu. Mkataba wake ulikwisha, tukauongeza, na kila mteja aliyeuliza alimweleza wazi kwamba hati iko kwenye kuhuishwa. Mwalimu na mke wake aliwapigia wa kwanza majibu yalipotoka. Walikuwa wameshanunua kiwanja Chanika.

Mnunuzi aliyekamilisha ni mama mmoja mwenye duka Kariakoo, alitaka nyumba ya mwanawe anayeoa. Alitoa 145, tukasema 158, tukakutana 152 baada ya siku nne. Alikuwa na woga wetu sisi kuliko sisi tulivyokuwa na woga wake, na alikuwa na haki: alishapoteza pesa ya kiwanja huko nyuma kwa muuzaji aliyekuwa na karatasi nzuri tu. Hakutaka kulipa kabla uhamisho haujaidhinishwa, nasi hatukutaka kusaini fomu za uhamisho bila kuona pesa. Wakili wetu na wake wakapanga hivi: milioni 30 siku ya kusaini mkataba, ziingie akaunti ya mirathi na siyo ya kaka, fomu namba 29, 30 na 35 zisainiwe na zikae kwa mawakili, milioni 122 zilipwe siku idhini ya Kamishna wa Ardhi itakapotoka. Mkataba ulisainiwa mwezi wa pili 2024. Ushuru wa stempu, asilimia 1, alilipa yeye.

Kodi ya ongezeko la thamani ya mali ilikuwa upande wetu. Kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei toa gharama. Hapo likaingia daftari la baba. Ni kauntabuku lenye jalada gumu, na ndani yake ujenzi mzima umeandikwa kwa kalamu ya bluu: tarehe, mifuko ya saruji, tripu za mchanga, nondo, jina la fundi, na pembeni mara nyingine "mama ametoa," maana mama aliuza vitenge na pesa yake imo kwenye kuta zile. Tulidhani hiyo ndiyo kumbukumbu ya gharama. Afisa wa kodi aliligeuza kurasa kwa heshima, akasema ni zuri, lakini hakuna hata risiti moja nyuma yake. Kwa hesabu hiyo karibu bei yote ingekuwa faida, tungelipa zaidi ya milioni 14. Wakili akatueleza kwamba sheria sasa inampa asiye na kumbukumbu za gharama njia ya kulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Thamani ilithibitishwa chini kidogo ya bei yetu, kwa hiyo tulilipa asilimia 3 ya 152, milioni 4 na laki 5 na elfu 60. Bila uthibitisho wa kodi hiyo uhamisho hausajiliwi. Nasikia wapo wanaoandika mikataba miwili, mmoja wa bei ya kweli na mmoja wa kupeleka serikalini. Dalali alilitaja hilo mwenyewe siku ya kwanza akasema hafanyi, nasi hatukutaka kumwachia kaka jina baya juu ya mali ya marehemu.

Mtaani tuliambiwa pia kwamba pana asilimia 10 ya ofisi, ndiyo desturi. Milioni 15. Wakili aliuliza swali moja tu, kama malipo hayo yana namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Hayakuwa nayo. Habari ile haikurudi tena. Kiwanja chetu kina hati, uhamisho wake unapita ardhi na si kwenye barua ya mtaa, lakini najua wenye viwanja visivyopimwa hubanwa hapo na hawana wakili wa kuwaulizia.

Idhini ilitoka mwezi wa tano mwishoni. Tulikutana tawi la benki, mawakili wawili, mama wa Kariakoo na kijana wake, kaka, mimi na dalali. Pesa ilipoonekana kwenye akaunti ya mirathi kaka alimhamishia dalali milioni 6 na elfu 80 palepale, naye dalali akasaini risiti ambayo kaka aliipeleka mahakamani pamoja na fomu namba 6, hesabu ya mirathi. Kaka, aliyeona asilimia 4 ni nyingi, ndiye aliyemshukuru kwa maneno marefu kuliko sisi sote.

Funguo alizikabidhi mama mwenyewe wiki mbili baadaye. Tuliandika kwenye mkataba kwamba atakaa mpaka siku hiyo, akahama kwa utaratibu wake, na kinu chake tukakifunga nyuma ya kenta. Alimchukua yule kijana na mchumba wake wakaenda uani. Akawaonyesha kifuniko cha chemba kilipo, chini ya mahali alipokuwa akianika vyombo, akawaambia wasipande kitu pale. Akawaonyesha koki ya kufunga maji ya banda, na mahali ambapo kifusi cha jirani hurudi mferejini kila mwaka kabla ya masika, akamtaja jirani kwa jina na jinsi ya kumwomba akiondoe. Mchumba wa kijana alikuwa anaandika kwenye simu.